Kuungua na Kucheua

Miguu ya kichwani ya kitanda changu imesimama juu ya vipande viwili vya mninga, kila kimoja kina kimo cha sentimita 18. Alivichonga fundi seremala wa mtaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga. Nilipompelekea vipimo alidhani nataka kukiinua kitanda kizima nipate nafasi ya masanduku uvunguni. Nikamwambia hapana, ni upande wa kichwani tu. Akanyamaza, akairudisha penseli sikioni, kisha akasema, "Pole, mwalimu." Katikati ya kila kipande akachimba kishimo cha kuupokea mguu wa kitanda usije ukateleza usiku. Nalala kichwa kikiwa juu. Ikifika alfajiri nimeteremka pamoja na shuka hadi nyayo zinagusa ubao wa miguuni, nami hujivuta tena juu kwa viwiko.

Nina miaka 51. Kiungulia kilinianza nikiwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, miaka 14 iliyopita. Wanawake wenzangu walicheka, wakasema mtoto atazaliwa na nywele nyingi. Alizaliwa na nywele za kawaida, na kiungulia hakikutoka naye. Neno lenyewe halijifichi. Ndani yake mna kuungua, na aliyewahi kuamka saa nane usiku akihisi kaa la moto nyuma ya mfupa wa kifua hahitaji kufunguliwa kamusi.

Kwetu kila moto wa tumboni huitwa vidonda. Mwambie jirani kifua kinakuunguza, atakutajia kabeji mbichi, maziwa baridi, unga wa magome, na mtu wa Korogwe aliyepona kabisa. Mimi nilitibiwa vidonda mara mbili, dawa za bakteria za siku 14, kabla mtu yeyote hajaangalia ndani. Hatimaye nilipomezeshwa mpira wa kamera, kidonda hakikuonekana tumboni. Michubuko ilikuwa juu zaidi, sehemu ya chini ya umio, pale chakula kinapopita kuingia tumboni. Jina lisilo sahihi lilinila miaka.

Na hapa sina budi kusimama. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani ya umio kwa wingi, na aina inayotawala kwetu si ile inayozaliwa na kiungulia, kwa hiyo hata mtu ambaye kifua hakijawahi kumuunguza hayuko salama nayo. Chakula kikianza kukwama, mwili ukipungua bila sababu, ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, mjadala wote wa kisu na kidonge, yaani upasuaji au dawa, usubiri. Kamera kwanza. Nimemzika mwenzangu wa shuleni, mwalimu wa hesabu, aliyekaa miezi akiloweka ugali kwenye mchuzi ili upite, akiamini ni vidonda. Huwa namkumbuka kila ninapomsikia mtu akisema "ni vidonda tu."

Kidonge changu ni omeprazoli, dawa iliyotoka Sweden na kuanza kuuzwa mwaka 1988. Kazi yake ni kuzifunga pampu ndogo zilizo kwenye ukuta wa tumbo, zile zinazomwaga tindikali. Lakini dawa huzishika pampu zilizoamka tu, na kinachoziamsha ni chakula. Ndiyo maana kidonge humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, ili pampu zikiamka zikute dawa imeshaingia kwenye damu. Mimi kwa miaka minane nilikimeza wakati wa kulala, tumbo limejaa wali wa usiku. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye bahasha ya karatasi niliyopewa dirishani pa duka la dawa: kimoja, usiku. Hakuna aliyeniuliza ninakimeza vipi, nami sikumuuliza mtu. Miaka minane nilikuwa nasema dawa imenishinda, kumbe dawa hata haijawahi kupewa nafasi ya kufanya kazi.

Nisidhaniwe kuwa niko peke yangu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu. Waliletwa watu 366 ambao kiungulia chao kilisemekana kimeishinda dawa. Watafiti wakaanza na jambo dogo: wakawapa omeprazoli mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, wakiwaelekeza kwa makini namna ya kuimeza. Watu 42 wakatulia palepale. Wengine 99, walipopimwa, ikaonekana moto wanaousikia hautokani na tindikali kupanda. Fahamu za umio ndizo zilizokuwa zikipiga kelele ya moto mahali ambapo moto haupo. Wengine 23 walikuwa na magonjwa mengine ya umio, na wengine wengi waliishia njiani au waliondolewa kwa sababu nyingine. Wakabaki 78. Kati yao 27 walipangiwa upasuaji, na baada ya mwaka mmoja 18 walikuwa na nafuu kubwa. Walioongezewa dawa nyingine walikuwa 25, wakapata nafuu 7. Walioachwa na omeprazoli yao na vidonge vitupu walikuwa 26, wakapata nafuu 3.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo kama ushindi wa kisu, na kwa wale 78 ni ushindi kweli. Jicho langu hubaki kwa 288 waliotoka kabla. Lau wote wangepelekwa moja kwa moja mezani, wangapi wangepasuliwa kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao? Wangeamka na makovu, na moto wao ukiwa palepale.

Kaka yangu ana kiungulia kama changu, au ndivyo tulivyokuwa tukisema kwenye familia. Aliendesha malori miaka 20, Dar es Salaam hadi mpakani na kurudi. Chakula chake kikubwa kilikuwa saa sita usiku: nyama choma, ndizi, soda mbili, halafu analala ndani ya kabini kabla mate hayajakauka. Alipoacha safari ndefu na kuanza kufanya kazi gereji hapa mjini, akawa anakula magharibi, tumbo likapungua, sigara akaziacha baada ya kubembelezwa na wanawe. Nikamfundisha kumeza kidonge kabla ya kula. Moto ukazimika. Siku hizi anakitumia kwa msimu tu, na nilipomtajia habari za upasuaji alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake anakwenda kuhamisha nyumba kwa sababu ya mlango unaolia. Kwake yeye ana haki. Upo utafiti mwingine, wa nchi 11 za Ulaya, uliotolewa mwaka 2011, wa watu 554 ambao dawa ilikuwa ikiwasaidia vizuri. Baada ya miaka mitano, waliobaki na vidonge asilimia 92 walikuwa wametulia. Waliopasuliwa, asilimia 85. Mtu ambaye kidonge kinamtosha hana anachokwenda kukitafuta kwenye meza ya upasuaji.

Kwangu mimi nilipoanza kumeza kidonge kwa wakati wake, asubuhi na jioni, nikainua kitanda, nikahamisha chakula cha usiku kikawa saa kumi na mbili na nusu, nikajizoeza kulala ubavu wa kushoto, ule moto ulikwisha karibu wote. Ilikuwa kama kuhamia nyumba nyingine. Lakini kuna kitu kilibaki, na ilinichukua muda kukipa jina, mimi ambaye kazi yangu ni maneno.

Tunasema mtoto amecheua pale maziwa yanapomrudi mdomoni baada ya kunyonya. Mama humpangusa kwa ncha ya kanga, maisha yanaendelea. Tunasema ng'ombe anacheua akiwa amelala kivulini. Kucheua ni kurudi kwa kilichokwisha kuliwa. Mimi nilikuwa nikicheua. Chai ya saa moja ilinirudi saa mbili nikiwa ubaoni mbele ya kidato cha tatu. Usiku nililala, nikaamka nakohoa, mto umelowa maji yenye ladha ya mchuzi. Hayakuunguza tena, kwa sababu kidonge kilikuwa kimeyaondolea ukali. Lakini yalikuja.

Daktari wa magonjwa ya tumbo aliponieleza nilijiona mjinga kwa kutoliona mapema: dawa hizi hupunguza tindikali, hazifungi mlango. Kilichomo tumboni kinaendelea kupanda vilevile, ila hakichomi. Kwa anayesumbuliwa na kuungua, hilo linatosha. Kwa anayesumbuliwa na kucheua, tatizo lake bado halijaguswa. Lugha yetu ilikuwa imeyatenga mambo hayo mawili tangu zamani, ikayapa kila moja neno lake, nami kwa miaka 14 niliyachanganya kwenye sentensi moja nikiwa mbele ya madaktari.

Yapo mambo mtu hamwambii daktari kwa sababu hayaonekani kama dalili. La kwangu lilikuwa swala. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17, na kila rakaa ina sijda mbili, basi ni mara 34 kichwa kinashuka chini kuliko tumbo. Kila nikisujudu maji yalinijia kooni. Mwanzo nilimeza nikaendelea. Baadaye nikawa nafupisha, paji la uso linagusa mswala na kuinuka, ulimi haujamaliza kutamka. Ramadhani ndiyo ilikuwa ngumu zaidi, daku bado iko tumboni na alfajiri imeingia. Miaka miwili iliyopita nilianza kuswali nimekaa kwenye kiti, kwa ishara. Dini inaruhusu, mgonjwa ana udhuru wake, na sikuwa na wasiwasi kwamba sala haifiki. Lakini nilikuwa naitamani ardhi. Mama yangu aliswali kwa kusujudu hadi wiki aliyofariki, akiwa na miaka 83. Nilimwambia daktari haya nikiona haya. Aliweka kalamu chini akasema hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyomweleza tangu tuanze kuonana.

Ndipo akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji, Dar es Salaam.

Ni kijana mwenye umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo kabla hajakaa, akageuza karatasi upande usioandikwa, akachora. Mfuko, na bomba linaloingia juu yake. Akapiga mstari wa kulala katikati: huu ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na hapa una tundu ambalo umio hupita. Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo unaofunguka chakula kikifika, kisha unajifunga. Kwako wewe, mama, tundu limepanuka, na kipande cha tumbo kama sentimita tatu kimeteleza kikapanda kifuani. Hiyo ni ngiri, ila haionekani kwa nje. Mlango umelegea kwa sababu fremu yake imepanuka.

Upasuaji alivyoueleza ni huu. Tumbo linavutwa kurudi chini mahali pake. Tundu linapunguzwa kwa nyuzi. Kisha sehemu ya juu ya tumbo inapitishwa nyuma ya umio, inauzungushia na kushonwa, kama unavyojizungushia shuka shingoni kwenye baridi ya Lushoto. Tumbo likijaa, ule mzunguko nao unajaa na kuubana umio. Mlango mpya unatengenezwa kwa nyama ya tumbo lenyewe. Mwingine anazungushiwa duara kamili, mwingine robo tatu, nyuzi 270, sehemu ya mbele ikaachwa wazi ili kumeza kusiwe kugumu.

Nikamuuliza nani alifikiria jambo kama hilo. Nilitegemea ataniambia ni mambo ya kitabuni, lakini alikuwa anaijua hadithi na akaisimulia kwa furaha. Rudolf Nissen alikuwa daktari wa upasuaji wa Kijerumani, mwenye asili ya Kiyahudi, aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka, akapokewa Istanbul. Huko, katika miaka ya 1930, alimkata mgonjwa mmoja kijana sehemu ya chini ya umio iliyoharibika, akauunga umio na tumbo. Kwa kuhofia mshono utavuja akauzungushia mkunjo wa tumbo kuulinda. Baadaye ikabainika kuwa yule mgonjwa hana kiungulia. Nissen aliikumbuka picha ile miaka mingi, akapita Marekani, na mwaka 1955 akiwa Basel, Uswisi, akafanya kwa makusudi kile alichokifanya Istanbul kwa tahadhari. Tangu mwaka 1991 kazi hiyo hufanywa kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo zima. Nimeifikiria sana hadithi hii. Mtu amekimbia kwao, yuko ugenini, anashona kwa woga wa mshono kuachia, na ule woga ndio unaokuja kuwa tiba.

Nilidhani nitatoka mle nikiwa na tarehe. Hakunipa. Alisema kabla hajanigusa anataka kuona kwa kipimo kwamba tindikali inapanda kweli, na kwamba misuli ya umio ina nguvu ya kusukuma chakula. Kama haina, mlango akiubana yeye nitashindwa kumeza. "Mama, mimi nikishashona, kukushonoa si kazi nyepesi." Nilimpenda kwa maneno hayo.

Nikaenda Nairobi. Basi la Mombasa kupitia Horohoro, usiku mmoja kwa binamu yangu Likoni, halafu treni. Dawa nilikuwa nimeziacha siku saba kama nilivyoelekezwa, na ule moto wa zamani ukanirudia ndani ya behewa, tukiwa tunapita Tsavo, nikanyonya mate na kutazama nyasi. Asubuhi iliyofuata nikapitishiwa mrija puani, nikaambiwa nimeze maji, mafunda kumi ya mililita tano tano, moja baada ya jingine, nikiwa nimelala, huku kwenye skrini rangi zikipanda na kushuka kama mawimbi. Nesi akasema umio wangu unasukuma vizuri. Kisha ukatolewa, ukaingizwa mwingine, mwembamba kama uzi wa tambi, kihisio chake kikakaa sentimita tano juu ya mlango wa tumbo. Upande wa nje mrija ulibandikwa shavuni kwa plasta, ukapita nyuma ya sikio, ukaishia kwenye kisanduku nilichokivaa begani kama pochi. Kina vitufe vitatu: cha kula, cha kulala, cha dalili. Nilikaa nacho saa 24. Nilivaa mtandio kwa kuushusha ili uzi usionekane, nikatoka, nikala chapati na maharagwe kama nilivyoambiwa nile chakula changu cha kawaida, nikabonyeza. Nikaswali nimesujudu, makusudi, sijda ndefu, maji yakaja. Nikabonyeza.

Majibu yalisema tindikali ilikuwa ndani ya umio asilimia 9 ya muda wote. Mtu mzima wa kawaida hazidi 4. Kwa saa 24 ni zaidi ya saa mbili, na pale nilipobonyeza kitufe cha dalili, mara nyingi mstari ulikuwa umeshuka kweli. Nilitoa machozi kidogo mbele ya karatasi ile. Miaka yote nilikuwa nimeanza kushuku kwamba labda ni mawazo, labda nimezoea kulalamika. Sasa kulikuwa na mstari.

Ningependa kusema kuanzia hapo mambo yalikuwa mepesi. Hayakuwa. Kisu nacho kina mambo yake, na aliyeniambia kwa uwazi ni yuleyule kijana anayekishika. Baadhi ya watu wakishashonwa hushindwa kupiga mbweu. Hewa inayomezwa na chakula haipati pa kutokea juu, inajaa tumbo, inatoka chini. Wengine hushindwa kutapika hata pale mwili unapotaka. Wiki za kwanza ni uji, supu, ndizi zilizopondwa. Mkate mkavu na nyama ngumu vinaweza kukwama na kuuma hadi mtu aite jina la mama yake. Kwa wengi hali hiyo hupita, kwa wachache hubaki. Mzunguko wa robo tatu, kwa mujibu wa tafiti zilizolinganisha njia hizo mbili, huleta shida hizo kwa uchache na kuzuia tindikali karibu sawa na duara kamili.

Na mshono unaweza kulegea. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walitoa hesabu ya watu 2,655 waliopasuliwa kwa matundu: karibu 18 katika kila 100 ugonjwa uliwarudia, wengi wao wakarudi kwenye vidonge, wachache wakarudi mezani. Wanawake waliongoza, na wenye umri mkubwa pia. Nilisoma mstari huo mara tatu. Mimi ni mwanamke na sina umri mdogo.

Upande wa pili kuna khofu ya vidonge. Mitaani utaambiwa omeprazoli inakula mifupa, inaua figo. Daktari wangu alinieleza kwamba yapo mambo yaliyoonekana kuandamana na matumizi ya muda mrefu, na kwamba vitamini B12 na magnesiamu vinaweza kupungua, lakini dawa ya jamii hiyo ilipojaribiwa kwa watu zaidi ya 17,000 kwa miaka kama mitatu, wengine wakipewa vidonge vitupu, kilichozidi kidogo ni maambukizi ya tumboni tu, asilimia 1.4 dhidi ya 1. Nilishukuru kulijua hilo, kwa sababu sikutaka kukimbilia kisu kwa kuogopa kitu ambacho hakipo. Anayepasuliwa kwa khofu ya kidonge, kisha akarudi kwenye kidonge miaka michache baadaye, atakuwa amelipa mara mbili.

Shangazi yangu wa Pangani alikuwa na la kwake. "Mwili ukishafunguliwa, upepo umeingia," alisema kwenye simu. "Mwanangu, hicho si kidonda cha kufa nacho. Vumilia." Nilimwelewa. Kizazi chake kimewaona watu wakipelekwa chumba cha upasuaji wakiwa wameshachelewa, na wakirudi wamefunikwa. Sikumbishia. Nilimweleza tu kwamba naswali nimekaa. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha.

Nimepanga kwenda. Tarehe ni wiki ya tatu baada ya Idi, shule ikiwa imefungwa, robo tatu, si duara kamili. Sikuipata hesabu moja iliyonisukuma. Hesabu zilinisaidia kujua ninachokiacha na kinachoweza kurudi, kisha zikanifikisha mahali ambapo ilibidi nijiulize ninataka mwili wangu uweze kufanya nini katika miaka niliyobakiwa nayo. Kaka anataka kula na kulala bila kuungua, na anavyo. Mimi nataka kuinama. Nimekubali kwamba naweza kuipata sijda nikapoteza mbweu, na kwamba baada ya miaka kumi huenda nikawa na vyote viwili vimeharibika, kidonge mkononi, kitanda juu ya mninga. Nimemuuliza daktari nivitoe lini vile vipande. Akaniambia niviache, havili chakula.

Ijumaa iliyopita shangazi aliniita Pangani. "Kabla hawajakushona, njoo ule," alisema, na hilo kwangu lilikuwa ruhusa tosha. Nilimeza kidonge nikiwa bado kwenye gari, nusu saa kabla, jinsi inavyopaswa. Nikakuta amepika wali wa nazi, changu wa kupaka, bamia, na mkate wa kumimina mkavu pembeni, ule ambao nitakaa wiki nyingi bila kuuonja. Tulikula mkekani, kwa mkono, sinia moja. Alinichambulia mnofu wa samaki akaniwekea upande wangu kama nilipokuwa na miaka sita. Hatukuzungumza habari za hospitali.

Tulipomaliza, shangazi aliegemea ukuta, akafumba macho, akapiga mbweu mmoja mrefu, akasema, "Alhamdulillahi." Nikasubiri. Wangu ulikuja taratibu, kutoka chini kabisa, wenye nazi na bizari ndani yake. Nikausikiliza hadi ulipokwisha. "Alhamdulillahi," nikasema, na shangazi akanisogezea bakuli la kunawia.